Zilipendwa na Nani?

Hakuna kijiwe, baraza wala kinyozi ambako swali hili halijawahi kuzua ubishi: ukiambiwa uchague wimbo mmoja tu wa kuwakilisha miaka fulani, utachagua upi? Mmoja atataja "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Mwingine ataapa kwamba hakuna kama "Georgina" ya Marijani Rajab na Safari Trippers. Aliyezaliwa baadaye atashangaa kwa nini jina la Juma Nature halijasikika mpaka saa hizo. Ubishi huwa mtamu, na kila mtu huondoka na wimbo aliokuja nao. Nadhani hauishi kwa sababu wabishani hawajakubaliana maneno. Mmoja anasema enzi, mwenzake anasema kipindi. Huyu anatafuta wimbo uliopendwa, yule anatafuta uliovuma, na wachache sana husimama kwenye neno lenyewe lililobeba swali, yaani kuwakilisha. Ningependa tusimame hapo, ila njia ya kufika inapita kwenye maneno mengine kadhaa, na la kwanza ni lile tunalolipenda kuliko yote.

Tanzania tunasema zilipendwa. Majirani zetu wa Kenya husema zilizopendwa. Silabi moja tu ndiyo inayotutenga, nayo ina kazi kubwa. Zilizopendwa, kwa ile -zo- ya urejeshi, inaegemea nomino: ni nyimbo zilizopendwa, na hata neno nyimbo likiachwa, msikilizaji analiweka mwenyewe. Zilipendwa haiegemei kitu. Ni sentensi kamili yenye kiima, wakati na kitenzi chake, ambayo ilivuka mpaka ikawa jina la aina ya muziki. Leo tunasema bendi ya zilipendwa, usiku wa zilipendwa, zilipendwa za Mbaraka. Neno limetoka hata nje ya muziki: mchumba wa zamani ni zilipendwa, suruali iliyopitwa na fasheni ni zilipendwa, na mshambuliaji aliyeishiwa mbio huitwa hivyo na mashabiki waliokaa jukwaani. Mwaka 2017 wasanii wa Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilohilo, na watoto ambao hawajawahi kushika santuri wakawa wanaliimba barabarani.

Nalipenda neno hili. Hata hivyo, kila linapofanywa kipimo cha enzi, kuna viungo viwili ndani yake ambavyo haviniachi nitulie. Cha kwanza ni ile -li-. Inafunga mlango. Inasema mapenzi yalikuwepo na yamekwisha, ilhali ukumbi unajaa hadi leo bendi ya Msondo inapopanda jukwaani, na waliojaa si wazee peke yao. Nyimbo hizi zinapendwa, kwa -na-, na sarufi ya jina lao inakataa kulikiri hilo.

Kiungo cha pili ni kizito zaidi, nacho ni ile -w- ya kutendwa. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda ajifiche. Nyimbo zilipendwa, sawa. Zilipendwa na nani?

Swali hili lina jibu la kihistoria. Tangu miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa na studio. Bendi ilipeleka nyimbo zake, maneno yakapitiwa na kamati, na yakishapita, wanamuziki wakaingia studio, wakapiga, wimbo ukahifadhiwa kwenye tepu na kuanza kusikika hewani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo mwanamuziki aliyetaka wimbo wake utoke kwenye sahani alifunga safari ya Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka. Hivyo basi, wa kwanza kuupenda wimbo alikuwa mjumbe wa kamati. Wa pili alikuwa mtangazaji aliyeuchagua asubuhi ile. Sisi wasikilizaji tulikuwa wa tatu. Zilipendwa ni orodha ya nyimbo zilizopita kwenye mlango huo, na mlango wenyewe haumo ndani ya neno. Hilo haliwapunguzii thamani Mbaraka wala Marijani hata chembe, maana walipita mlangoni wakiwa na kazi bora kupindukia. Lakini anayechagua wimbo wa enzi kwa kigezo cha kupendwa anachagua ndani ya ghala ambalo mtu mwingine alikwisha kulichagulia.

Twende kwenye neno enzi. Hili ni neno la utawala kabla halijawa neno la wakati. Tunasema kiti cha enzi, na jina Mwenyezi tunalomwitia Mungu ni mwenye enzi, mwenye nguvu na mamlaka. Ndiyo maana enzi zetu nyingi zina mwenyewe: enzi za Sultani, enzi za Mjerumani, enzi za Mwalimu, enzi za Mzee Ruksa. Ukiuliza wimbo wa enzi, ulimi umeshakupeleka Ikulu kabla ya masikio kufika ukumbini, na mtu hujikuta anatafuta wimbo wa kusifu azimio au kuomboleza kiongozi. Nyimbo za namna hiyo zilikuwa nyingi na nyingine zina uzuri wake, lakini hizo ni nyimbo za enzi kwa maana ile ya kwanza, ya kiti.

Hakuna bendi inayoonyesha jambo hili kama NUTA Jazz. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya NUTA, chama cha wafanyakazi kilichokuwa kimeundwa mwaka huohuo, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara kama karani au dereva. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikageuka JUWATA Jazz. Mwaka 1991 chama kikawa OTTU, na bendi ikawa OTTU Jazz. Mtu akikupa santuri au kaseti ya bendi hii, huna haja ya kuuliza mwaka, soma herufi zilizo mbele ya neno Jazz utajua nchi ilikuwa wapi. Hayo ndiyo majina ya enzi, nayo yalitoka ofisini.

Chini ya majina hayo, bendi ilikuwa na jina jingine ambalo ofisi haikulitoa: Msondo. Huo ulikuwa mtindo wake. Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo wenye jina, na mpenzi wa dansi aliyataja majina ya mitindo kuliko majina ya bendi zenyewe. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic ya Tanga walikuwa na Kiweke, Afro 70 ya Patrick Balisidya walikuwa na Afrosa. Muhidin Gurumo alipoondoka JUWATA na wenzake mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, kulizaliwa Sikinde, na tangu hapo mji ukagawanyika: huyu Msondo, yule Sikinde, watani wa jadi kama Simba na Yanga. Sasa tazama kilichotokea. NUTA imekwenda, JUWATA imekwenda, OTTU imekwenda. Bendi inaitwa Msondo Ngoma. Jina lililotoka kwa wachezaji limeyameza yote yaliyotoka kwa chama. Nikitafuta neno la Kiswahili la kupimia wakati wa muziki, mtindo una haki kubwa kuliko enzi, kwa sababu mtindo haukuwa na kiti. Ulikuwa na mpigo wa tumba, mwendo wa kiuno na namna gitaa la solo lilivyoingia waimbaji wanapokaa pembeni na sebene likaanza.

Kipindi nitalipita haraka, ingawa lina jambo moja zuri. Ni sehemu ya wakati, ni somo la dakika arobaini shuleni, na ni matangazo ya saa fulani redioni. Mtu akisema "wimbo wa kipindi kile" mara nyingi anakumbuka vyote pamoja: miaka, redio ya mbao juu ya kabati, na saa ya jioni mtangazaji alipoanza kusoma majina ya watuma salamu. Zama ni neno la wanahistoria, nawaachia.

Kizazi kipya linastahili kusimamiwa kidogo. Muziki wa rapu ulipoingia mitaa ya Dar es Salaam, wazee waliuita muziki wa kufokafoka, kwa sababu kwao mwimbaji alikuwa anafoka tu kama mwenye hasira. Saleh Jabri aligeuza rapu ya Kimarekani kuwa Kiswahili mwaka 1991, Kwanza Unit wakafuata, Mr. II akaleta kaseti nzima za Kiswahili, na kabla muongo haujaisha jina bongo fleva lilikuwa limekwisha kushika. Magazeti na viongozi, waliotaka jina lenye heshima zaidi, wakasema muziki wa kizazi kipya. Jina hilo lilikuwa na muda wake wa kuharibika tangu siku ya kwanza. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1998 sasa anakaribia 50 na ana mtoto anayemcheka anapocheza. Bado muziki wake unaitwa wa kizazi kipya kwenye hotuba, huku redio ikiupiga kama bongo fleva za kitambo, na siku si nyingi utaingia kwenye zilipendwa na kukaa meza moja na Gurumo.

Katika vigezo vya wapenzi wa muziki, kuvuma ndicho kinachotajwa haraka. Upepo huvuma, nyuki huvuma, sifa huvuma, na ngoma ivumayo haidumu. Mvumo hupimika kwa urahisi, hasa siku hizi ambapo idadi ya watazamaji inaonekana chini ya kila video, na ndiyo maana wengi huukimbilia. Lakini Waswahili wenyewe waliuwekea kinyume chake: wimbo uliovuma huchuja, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Rangi inatoka, kitambaa kinabaki. Wimbo wa kuwakilisha miaka yake lazima uwe na kitambaa.

Sasa tufike kwenye kuwakilisha. Kitovu cha neno hili ni wakili. Siku hizi wakili ni mtu wa joho jeusi mahakamani, lakini Uswahilini amekuwepo kabla ya mahakama za Kizungu. Ndoa ya pwani inaweza kufungwa kwa wakili: baba wa binti, akiwa mbali au akitaka kumheshimu mtu fulani, humweka wakili aozeshe kwa niaba yake. Kuna mambo ambayo uwakili hauwezi kuyakosa. Wakili amepewa idhini na mwenye jambo, hajajituma. Anasema pale ambapo mwenye jambo hayupo au hawezi kusema. Na anaowaambia hawakuwepo jambo lilipotokea, ndiyo sababu anahitajika. Hakuna mahali ambapo wakili anatakiwa awe mtu anayependwa kuliko wote ukooni, wala mwenye sauti kubwa kuliko wote. Anatakiwa ajue kesi.

Wimbo wa kuwakilisha miaka fulani nautaka uwe hivyo. Uwe umepewa idhini na watu waliokuwa na jambo. Uwe ulisema mahali ambapo wao hawangeweza kusema. Na leo, mbele ya mtu ambaye hakuwepo, uweze kulieleza lile jambo.

Mfano wa kale wa wimbo wa aina hiyo nauona Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikaanza kusikika kutoka kwenye gramafoni za pwani nzima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao unasomwa hadi leo. Katika nyimbo zake, ninaoutaja kila nikiulizwa kuhusu miaka ile ni "Kijiti", unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa kisiwani. Mwuaji alitoroka, na mkono wa sheria ukawaangukia waliokuwa wenyeji wa marehemu. Siti alikuwa na nyimbo za mapenzi ambazo zilipendwa zaidi, sina shaka. Lakini "Kijiti" ilikwenda mahali ambapo wanawake wa mtaa wa Ng'ambo hawakuwa na mtu wa kuwasemea, yaani mbele ya hakimu wa kikoloni, ikaifanya kesi isikilizwe upya barazani na kwenye harusi, mwaka baada ya mwaka. Ule ni uwakili kwa maana yake kamili.

Kwa miaka niliyoishi kwa karibu, ile ya ruksa chini ya Rais Mwinyi, chaguo langu ni "Mambo kwa Soksi" ya Remmy Ongala na Super Matimila. Najua ni chaguo litakalowaudhi wapenzi wa dansi, maana miaka hiyo haikuwa na uhaba. Vijana Jazz walikuwa na Hemed Maneti, Mlimani Park walikuwa na Bitchuka, Maquis walikuwa wanatesa ukumbini. Kwa uzuri wa sauti na ufundi wa utunzi, ningeweza kutaja nyimbo kumi za kuuzidi. Lakini swali halikuwa upi ni mzuri.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa maradhi mapya waligundulika Kagera. Watu wa huko waliyaita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Baadaye wataalamu wakaunda UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini, mojawapo ya vifupisho vichache vya serikali vilivyofika hadi kwa bibi kijijini bila kupotea njiani. Hata hivyo, midomo haikutaka kulitamka. Mtaa ukatafuta pa kujificha: ana ngoma, amekanyaga miwaya, ana ule ugonjwa wetu. Ngoma, neno letu kuu la furaha, likapewa kazi ya kubeba kifo. Hadi leo kijana anaweza kusema "ana ngoma mpya" akimaanisha msanii ametoa wimbo, na mama aliye jikoni akashtuka. Na kinga yenyewe nayo haikuwa na jina la kutamkika sebuleni. Kondomu lilikuwa neno la zahanati na la semina. Mtaani waliiita soksi.

Remmy alilichukua neno hilo, lilivyo, akaliweka kwenye jina la wimbo karibu na mwaka 1990, akawaimbia wanaume wazitumie. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Hapa ndipo orodha ya zilipendwa inapoonyesha tundu lake: katika nchi yenye redio moja, wimbo usiopigwa redioni haukuwa na mahali pa kupendewa, kisarufi haukuwepo. Lakini miaka ya ruksa ilikuwa imeeneza kitu ambacho kamati haikukidhibiti, nacho ni kaseti.

Watu wengi wanazungumza juu ya kaseti kama kumbukumbu ya utoto. Mimi nataka tuitazame kama chombo cha kazi. Ilikuwa na pande mbili, A na B, na ya dakika 60 ilikupa nusu saa kila upande. Wimbo wa dansi ulichukua dakika saba, nane, hata zaidi, kwa sababu baada ya beti na kiitikio lazima lifike chemko, pale mwendo unapopanda na waimbaji kuanza kutupiana vijembe. Kwa hiyo upande mmoja ulibeba nyimbo tatu kwa starehe, na mara nyingi wa nne ukakatwa kabla haujaisha. Mteja alikwenda kwenye kibanda cha kurekodia akiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ameandika majina ya nyimbo kwa mpangilio wake, amekata kwa wino pale alipobadili mawazo. Fundi aliichukua, akachomeka waya kutoka deki moja hadi nyingine, na kazi ikaendelea kwa mwendo uleule wa muziki, dakika kwa dakika. Vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti, ukivivunja hakuna atakayeweza kurekodi juu yake. Mwenye kutaka kufuta anaziba tundu kwa karatasi iliyotafunwa au kwa solotepu. Utepe ukijinyonga, unaurudisha kwa kalamu ya Bic iliyoingia sawasawa kwenye meno ya gurudumu. Nakala ya nakala ilikuja na mvumo wa chinichini, na gitaa la besi likawa limezama, ila maneno ya mwimbaji yalisikika. Huko ndiko wimbo uliokosa redio ulikopita, na kwenye kumbi, na kwenye baa zenye spika nje, na kwenye mabasi ya mikoani ambapo dereva ndiye mkuu wa vipindi.

Yule aliyeandika jina la wimbo kwenye karatasi ya daftari alikuwa anatoa idhini. Kamati ilikataa, yeye akalipia. Uwakili ulitoka mikononi mwa watu wenyewe, nakala kwa nakala. Na yaliyosemwa ndani yake ni yale ambayo baba hakuweza kumwambia mwanawe. Kulikuwa na nyumba ambamo vijana watatu walizikwa ndani ya miaka michache na kila mara sababu iliyotajwa ilikuwa malaria. Wimbo ulisema kwa sauti, kwa kuchekesha, kwa chemko linalokunyanyua kitini, na aliyekuwa anacheza alikuwa amekwisha kusikia.

Kuna watakaosema Remmy hakuwa Mtanzania wa kuzaliwa. Ni kweli, alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Lakini wakili hatakiwi kuwa ndugu wa damu. Muziki wake aliuita ubongo, miaka kadhaa kabla Bongo haijaingia kwenye jina la fleva, na neno hilo la kichwa na akili ndilo ambalo watu wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuliitia jiji lao, na kisha nchi nzima, kwa kuwa bila bongo hakukuwa na namna ya kuishi hapo. Alifariki Desemba 2010. Mahali alipokuwa anaishi Sinza panaitwa kwa Remmy, kituo cha daladala kina jina hilo, na makondakta wanalitaja kwa kelele mbele ya abiria ambao hawajawahi kumsikia akiimba.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni jingine. "Mambo kwa Soksi" ni mwanamume anayewaambia wanaume. Mke aliyekuwa nyumbani, asiye na uamuzi juu ya soksi wala juu ya safari za mumewe, hamo ndani yake isipokuwa kama mtu wa kulindwa. Wajane walionyang'anywa mashamba na mashemeji hawamo. Kwa kesi yao, wimbo huu hauna idhini, na sidai unayo. Ninachodai ni kwamba, kati ya nyimbo zilizofanywa miaka hiyo na kusikika nchi nzima, sijui nyingine iliyoingia ndani zaidi ya jambo lililokuwa linawaua watu.

Ukitaka kuona jinsi miaka ilivyobadilika, sikiliza "Starehe" ya Ferooz, ya mwaka 2004, akiwa na Professor Jay. Mada ni ileile. Safari hii anayesimulia ni mgonjwa mwenyewe, kitandani, na wimbo ulipigwa kila redio mchana kweupe. Mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa wazi, redio zimekuwa nyingi, na neno UKIMWI lilikuwa limeshaingia kwenye vitabu vya shule ya msingi. Ni wimbo mzito na unanigusa kila nikiusikia. Lakini kwa miaka ile ya mwanzo ya 2000, sitauchagua, kwa sababu ulisema jambo ambalo tayari lilikuwa limeruhusiwa kusemwa.

Nitachagua "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Ndani yake mgombea anamwaga ahadi zisizowezekana, na umati unamjibu ndiyo mzee. Kipaji cha wimbo kiko kwenye hilo jibu. Wananchi wamo ndani ya studio. Wanashangilia, wanakubali, na msikilizaji anajisikia mwenyewe katika ile sauti ya pamoja. Nchi ilikuwa na miaka tisa tangu kurudi kwa vyama vingi, imeshapiga kura mara mbili, na tabia ya kusema ndiyo kwa mzee yeyote aliyeshika kipaza sauti ilikuwa bado iko palepale. Hakuna hotuba ya mpinzani iliyolieleza hilo kwa ufupi kiasi hicho. Baada ya wimbo huo, ukimwitikia bosi ofisini "ndiyo mzee," wenzako wanajua unachomaanisha.

Vijana wa muziki ule walikuwa na tabia ya kusema nawakilisha. Nawakilisha Temeke, nawakilisha Mbeya, nawakilisha vijana wote waliokosa ajira. Wazee waliliona kama pambo lililoigwa kwa Wamarekani, na pengine liliigwa kweli, ila Kiswahili kilikuwa na wakili wake tangu zamani na neno lilikuta nyumba imeshajengwa. Mr. II, Joseph Mbilinyi, aliingia Bungeni mwaka 2010 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Professor Jay, Joseph Haule, aliingia mwaka 2015 kwa jimbo la Mikumi. Aliyeimba juu ya mgombea akawa mgombea, akasimama mbele ya umati wa kweli.

Miaka hii tuliyomo sijaichagulia wimbo. Singeli inapita mtaani kwa kasi ambayo masikio yangu yanaifuata kwa shida, na nina hakika humo kuna kesi inayosemwa. Mwenye wimbo aulete kijiweni tuusikilize wote. Asinitajie umetazamwa na watu wangapi. Anieleze unamsemea nani, na huyo anayesemewa aliupaje idhini.